Yule Aliyeteka Maji Mnarani

Hapo zamani za masultani na siwa, katika mji wa Ndarumo, usiku mmoja ulisikika mlio mmoja tu: ko!

Haikuwa ngoma, wala mlango, wala nazi iliyoanguka. Ilikuwa ndoo ya mti, iliyoteremshwa kisimani ikagonga jiwe. Na watu wa Ndarumo, waliolala na waliokuwa macho, kila mmoja aliuelewa mlio ule kitandani mwake, akavuta shuka, akanyamaza. Maana ndoo ikikuta maji husema chubwi, na ikisema ko, basi kisima kimekwisha.

Aliyeshika kamba alikuwa msichana, jina lake Mwanakheri, amekuja kutafuta maji ya kukorogea hina, kwa kuwa arusi yake ilikuwa imekaribia. Akaivuta ndoo, akaiinamisha, ukamwagika mchanga. Akarudi nyumbani akamwambia babaye, "Baba, kimesema ko."

Babaye akaacha kazi yake, akatabasamu. "Alhamdulillahi, mwanangu. Miaka yote hii kilikuwa kikinung'unika tu. Leo kimesema."

Huyo baba ndiye mwenye hekaya hii. Kazi yake ilikuwa kusokota kamba za makumbi ya nazi, kamba za ndoo, na watu wote wa mji walinunua kwake. Jina lake hatulitaji, wala si kwa kulisahau. Lilikuwa marufuku.

Na marufuku hayo yalikuja hivi. Sultani wa Ndarumo, Sultani Darweshi, alitoza kodi iitwayo kodi ya kisima, ili kisima kizibuliwe mchanga kila mwaka na kuta zake zijengwe. Ilikuwa kodi njema, na watu waliilipa bila manung'uniko. Lakini Waziri wake, Badi, akamjia siku moja akamwambia, "Mola wangu, watu hulipa kama watu wang'olewao jino. Tuwape heshima kidogo. Tujenge mnara, na kila Ijumaa siwa, pembe ya kifalme, ipigwe juu yake, na kila aliyelipa atangazwe kwa jina lake kuwa mpenda nchi."

Sultani akauliza, "Na mnara huo utajengwa kwa kitu gani?"

"Kwa kodi ya kisima, mola wangu. Kisima kimekwisha kuzibuliwa, na baki ipo."

Kumbe kisima kilikuwa hakijazibuliwa. Basi mnara ukajengwa. Ukajengwa mwaka ule, ukaongezwa mwaka uliofuata, ukatiwa chokaa, ukatiwa zulia ngazi zote, ikawa mnara unapanda na maji yanashuka. Kila maji yaliposhuka, watu walimwendea msokota kamba kumwambia, "Ongeza pima moja." Akaongeza. Mara pima mbili. Akaongeza. Mwanzo alifurahi, maana kamba ndefu ina bei ndefu. Kisha akafikiri, akajisemea, "Kinyozi akishangilia nywele kuisha, amesahau kesho." Ikawa kama alivyofikiri: maji yalipopungua hata yakawa tope, wanawake walianza kwenda mtoni, mwendo wa asubuhi nzima, na mtoni hakuna haja ya kamba. Akabaki na kamba zake zimemjazia chumba, na mfuko wake mtupu.

Alipokuja mtoza kodi, hakuwa na kitu. Ijumaa ile Sultani mwenyewe alisimama mnarani, akalitaja jina la msokota kamba mbele ya watu wote, kisha akasema, "Huyu haipendi nchi. Tangu leo jina lake lisitajwe na kinywa chochote katika Ndarumo, mpaka nilitaje mimi tena." Basi tangu siku ile watu wakamwita Yule. "Yule amepita." "Mwambieni Yule aje anifungie kitanda." Mkewe peke yake hakupata taabu, maana kwa heshima hakuwahi kulitamka jina la mumewe tangu walipooana, alimwita baba Mwanakheri, akaendelea kumwita baba Mwanakheri.

Yule mwenyewe hakuhuzunika. Alisema, "Jina ni mzigo. Nimepunguziwa." Lakini ndoo iliposema ko, arusi ilikuwa mlangoni, na hapo ndipo mzigo ule ulipotakiwa.

Asubuhi yake alikwenda kwa Kadhi, pamoja na mkwewe mtarajiwa, kijana mwashi aitwaye Shekue. Kadhi alikuwa mzee mwema, mwoga wa mambo mawili: moto wa Jahanamu na Waziri Badi, na hakujua lipi litamfikia kwanza. Akasema, "Nimefanya mazoezi ya khutuba, lakini nakwama. Sikilizeni. Nimekuoza wewe Shekue, Mwanakheri binti... binti..." Akakohoa. "Mwaona?"

Shekue akasema, "Sema binti Yule."

"Yule yupi? Mwanangu, ndoa haifungwi kwa kidole. Mwanamke huozwa kwa jina la babaye. Nikilitaja nafungwa mimi. Nisipolitaja haifungwi ndoa."

"Basi nifanyeje, Shehe?"

"Umlipie babaye kodi yake."

Shekue akaukung'uta mfuko wake, likatoka jani la tambuu. Na mamaye Shekue, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "Mimi mwanangu hamwoi binti wa kiwakilishi! Ikipita Ijumaa hii pasipo jina, tunaposa kwingine."

Yule akamtazama binti yake alipofika nyumbani. Binti hakulia, ila alikuwa amekaa mbele ya bakuli la hina kavu, anaipitisha vidoleni kama mtu ahesabuye mchanga. Yule hakuketi. Akachukua ndoo ya kisimani, akachukua bunda la kamba, akaenda zake barazani kwa Sultani.

Akakuta baraza imejaa. Sultani ameketi, ana bilauri ya maji baridi mkononi, na Waziri Badi amesimama kando akipepea ubani. Yule akapiga magoti, akaamkua.

Sultani akasema, "Ehe! Yule! Umekuja kulipa?"

"Nimekuja kuomba jina langu, mola wangu. Nitaliazima kwa siku moja tu, nimwoze binti yangu, kisha nilirudishe."

Watu wakacheka, na Sultani akacheka kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kupepewa. Akasema, "Jina la mtu huenda na mapenzi ya nchi yake. Alipaye kodi ameipenda nchi. Asiyelipa haipendi. Wabisha?"

"La hasha, sibishi. Mola wangu, mtu akimpa jirani yake fedha akamnunulie mtoto dawa, hayo ni mapenzi, tena makubwa. Lakini jirani akinunua kilemba, akaja amekivaa, akasema, 'Tazameni jinsi mtoto anavyopendwa!' hapo mapenzi yapo, kilemba kipo, na mtoto bado ana homa."

Waziri Badi akaacha kupepea. "Anaropoka, mola wangu."

Sultani akakunja uso. "Mtoto gani? Homa gani? Sema wazi."

"Nasema, mola wangu, nitalipa kodi ya kisima siku nitakayokunywa maji ya kisima."

Watu wa baraza wakatazama miguu yao. Maana yatupasa kueleza: Ndarumo kisimani ni mahali pa wanawake, na mwanamume wa heshima hakanyagi pale, sembuse Sultani. Maji ya jumba la Sultani yaliletwa na vijakazi, naye hakuuliza yatokako. Watu wengine wote walijua. Lakini kila mmoja alikuwa na jina lake la kuchunga, hataki lirukwe Ijumaa.

Sultani akamgeukia Waziri. "Badi, kisima kina nini?"

"Kizima kabisa, mola wangu. Haya ni maneno ya wasiolipa. Asiyechangia karamu husema chumvi imezidi."

Hapo Sultani akaghadhibika. "Umesikia, Yule? Umekitukana kisima changu mbele ya watu. Basi Ijumaa, siwa itakapolia, utaniletea ndoo ya maji ya kisima kile, mkononi mwangu. Ukiyaleta, utakuwa umekiri kwamba ulisema uongo, nami nitakufukuza mjini kwa uongo. Usipoyaleta, nitakufukuza kwa kukaidi."

Watu wakatazamana. Huko nyuma mtu mmoja akanong'ona, "Kushoto shimo, kulia shimo."

Yule akainamisha kichwa, kana kwamba anapima uzi. Kisha akasema, "Nimesikia na kutii. Nina maombi mawili madogo. La kwanza, nikifuate kisima hicho popote kilipo, nisizuiwe na mlinzi wala mlango."

Sultani akacheka. "Popote! Hata kikiwa mbinguni, panda."

"La pili, mola wangu, mimi ni mtu mnyonge, naogopa kuchelewa kidogo tu, nikakuta umekwisha kunywa ya mtoni ukaniambia, 'Sina kiu tena, ondoka nayo.' Nani atakayejua kwamba nilileta?"

"Ya mtoni yatoka wapi? Mimi ninakunywa ya kisima changu!" Sultani akainua mkono. "Lakini ili usiwe na la kusema: naapa kwa kiti hiki, tangu alfajiri ya Ijumaa halitaingia kinywani mwangu tone la maji, ila yatokayo katika kisima cha Ndarumo."

Waziri Badi akapepea haraka haraka, ila sasa alikuwa akijipepea mwenyewe.

Ijumaa ikafika, na jua lake likafika nalo. Sultani alikuwa amekula samaki wa chumvi usiku wake. Asubuhi alitaka maji, Waziri akamwambia, "Kiapo, mola wangu, na tusubiri heshima ya siwa." Ikawa kila mara anapouliza, Waziri anasema subiri, naye moyoni anaomba ardhi ipasuke. Hata watu walipokusanyika chini ya mnara, midomo ya Sultani ilikuwa imeshikamana, na aliposalimiwa alijibu kwa kichwa.

Siwa ikalia. Mtu wa mbiu akaanza: "Fulani bin Fulani, mpenda nchi!" Watu wakaitikia kwa uchovu, "Mpenda nchi." Ndipo Yule akatokea, ndoo mkononi, kamba begani, imezungushwa mara nyingi hata akaonekana kama mtu aliyemezwa na chatu hadi shingoni. Hakwenda kisimani. Akaelekea mlango wa mnara.

Mlinzi akanyoosha mkuki. Yule akasema, "Popote kilipo, nisizuiwe. Muulize mola wako." Sultani akaashiria kwa mkono toka juu, aachwe. Yule akapanda, ngazi kwa ngazi, anafuta miguu kwa adabu kabla ya kukanyaga zulia, hata akafika juu kabisa, pale Sultani alipoketi na Waziri wake na mpiga siwa. Mnara ule ulikuwa mtupu ndani, ngazi zake zikizunguka ukutani, na katikati palikuwa na uwazi mweusi toka juu hata chini. Yule akaifunga ndoo, akasema bismillahi, akaitumbukiza.

Kamba ikakimbia mikononi mwake, ikakimbia, ikakimbia. Kisha watu wote, wa juu na wa chini, wakasikia: ko!

Hapana aliyeuliza mlio ule ni wa nini. Walikuwa wameusikia vitandani mwao. Mwanamke mmoja akaangua kicheko, kisha mwingine, kisha kicheko kikatembea uwanjani kama moto wa nyasi.

Sultani akasema, na sauti yake ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta, "Umerukwa na akili? Kisima kiko mtaa wa chini!"

"Mola wangu, nilikwenda mtaa wa chini. Nimekuta shimo lenye mchanga, nikasema, hiki sicho. Kisima cha Sultani hutunzwa kwa kodi ya kisima. Basi nikaifuata kodi. Nikauliza, imepita wapi? Wakaniambia imepita hapa. Nikaona jiwe lake, nikaona chokaa yake, nimekanyaga zulia lake, Mungu anisamehe. Kama kodi ya kisima imelala hapa, basi kisima nacho ni hapa. Nimeteka."

Akaivuta ndoo taratibu, akaitua mbele ya Sultani. Ndani yake mlikuwa na vumbi la chokaa na nyoya moja la njiwa.

"Kunywa, mola wangu. Ndiyo maji yaliyotangazwa Ijumaa zote."

Sultani akaitazama ndoo. Akamtazama Waziri Badi. Waziri akatazama njiwa. Na mtu wa mbiu, kwa kupumbaa, akamnong'oneza Sultani, "Mola wangu, yako maji ya mtoni, niyalete?"

Yule akasema kwa upole, "Kiapo."

Basi Sultani Darweshi akasimama. Akashuka ngazi zile zote, akapita katikati ya watu, akaenda mahali ambapo hapana Sultani aliyewahi kwenda, wanawake wakampisha, akainama juu ya kisima, akatazama chini. Akatazama muda mrefu. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umeiva kwa haya.

"Ni tangu lini?" akauliza.

Bibi kizee mmoja akamjibu, "Tangu ulipoanza kutuambia tunaipenda nchi, bwana."

Sultani akawageukia wanaume. "Nanyi mmelipa mwaka kwa mwaka, mbona hamkuniambia?"

Wakasukumana kwa viwiko. Mwishowe mfanyabiashara mmoja mwenye tumbo akasema, "Tulilipa, mola wetu, na majina yetu yakatajwa. Tukaona yamekwisha."

Yule akacheka. "Mtu huposa, akalipa mahari, kisha asiende kumtazama mke!"

Hapo Sultani, pamoja na kiu yake, akashindwa kujizuia. Akacheka hata akashika ukingo wa kisima. Kisha akafunga shuka yake kiunoni, akasema, "Mimi nimeapa, na jua halinionei huruma. Leteni vikapu. Badi!"

"Labeka, mola wangu."

"Wewe ndiwe uliyeniambia kimezibuliwa. Shuka ukanionyeshe pale palipozibuliwa."

Basi Waziri akavuliwa joho, akafungwa kamba ya Yule kiunoni, akateremshwa, na kilemba chake kikawa cha kwanza kujaa mchanga. Watu wakajipanga mstari toka ukingoni hata uwanjani, wanaume na wanawake, vikapu vikapita mkono kwa mkono, na Sultani akiwa wa tatu katika mstari. Vijana wakapanda mnarani na Shekue mbele yao, wakabomoa mawe ya juu, wakayateremsha kujengea kuta za kisima zilizobomoka. Na wanawake wakaanza wimbo, na mstari wote ukaupokea:

Chota, inua, pokea,
mpe wa juu atue;
maji hayapo angani,
yako chini, tuchimbue.

Kamba za Yule, zile zilizojaa chumbani na kukosa mnunuzi, zilitoka zote siku ile: za vikapu, za mawe, za Waziri. Hapana hata moja iliyokatika.

Alasiri ilipoanza kulegea, sauti ya Badi ikasikika toka chini, nyembamba, imejaa mwangwi: "Miguu yangu! Miguu yangu imelowa!" Watu wakapiga vigelegele. Wakampandisha, ametapakaa tope hata hakujulikana mbele wala nyuma, wakangoja tope litulie. Kisha Mwanakheri akaletwa, akapewa ndoo ile ile ya usiku ule. Akaiteremsha. Mji mzima ukainama kusikiliza.

Chubwi.

Sultani akaipokea ndoo kwa mikono miwili, akanywa bila bilauri, maji yakimtiririka ndevuni, akanywa tena, akashusha pumzi kama mtu aliyerudishwa duniani. Akasema, "Yana ladha ya mchanga. Sijapata kunywa matamu kama haya." Kisha akamwita Yule. "Nilisema ukileta nitakufukuza, na usipoleta nitakufukuza. Nawe umeleta na hukuleta. Sasa nikufanyeje? Omba zawadi."

"Nataka kulipa kodi, mola wangu."

Watu wakadhani ni mzaha wake mwingine, lakini uso wake ulikuwa mtulivu. Akaichukua kamba iliyokuwa ukingoni, nzito kwa maji, akaiweka miguuni pa Sultani. "Fedha sina. Hii ndiyo kodi yangu, na kila mwaka nitaleta nyingine, kwa kisima hiki. Mapenzi nilikuwa nayo tangu zamani. Nilikuwa sijui pa kuyaweka. Sasa napaona, hata chini yake napaona."

Sultani akaiinua kamba ile akaivaa shingoni mbele ya watu. Akasema, "Nimeipokea. Tangu leo, mwenye kulipa na aje aone alicholipia. Na mimi nitakuja kwanza."

Kadhi akapenya katikati ya watu, amefunika kilemba chake kisilowe, nyuma yake mamaye Shekue akimsukuma. "Mola wangu, bwana arusi yupo, bibi arusi yupo, maji ya hina yapo. Kumebaki neno moja ambalo mimi sithubutu."

Mtu wa mbiu akauliza, "Nipige siwa?"

"Acha siwa," akasema Sultani. "Mimi ndimi niliyekuwa wa mwisho kulitaja, mimi ndimi wa kwanza."

Akamshika Yule mkono wenye malengelenge ya kamba, akamsimamisha ukingoni mwa kisima, na bila mnara wala pembe, kwa sauti yake mwenyewe iliyokwisha kulowa, akamwambia Kadhi, "Oza, Shehe. Huyu ni Mwanakheri, binti wa mpenda nchi, Sudi bin Mkadamu."